Ramani ya ukutani inayouacha Ewaso Ng'iro mpakani

Ramani kubwa za ukutani zilizoandikwa kwa Kiswahili ni adimu mno katika maduka ya vitabu ya Mombasa, na kwa sababu hiyo nilipoiona hii ya Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, ikiwa imeviringishwa na kusimamishwa nyuma ya rafu za vitabu vya shule, sikusita kuomba ikunjuliwe juu ya kaunta. Mwenye duka aliikunjua bila kunung'unika, akaizuia pembe kwa kamusi nne, kisha akaniacha niisome kwa muda niliotaka, jambo ambalo si kila duka mjini hulikubali. Niliinunua kwa shilingi 2,400, na sasa imetundikwa katika darasa ninamofundishia jiografia. Jina la mchapishaji sitalitaja, kwa kuwa sehemu kubwa ya tathmini hii ni lawama; duka lenyewe halina hatia yoyote.

Nianze na umbo lake, ambalo halina kasoro kubwa. Ramani ina upana wa karibu mita moja na urefu wa mita moja na robo, kwa skeli ya 1:2,500,000, maana yake sentimita moja ukutani ni kilomita 25 ardhini. Kusini inaanzia Mto Ruvuma, kaskazini inapita kidogo mji wa Kassala nchini Sudan, na mashariki inalifikia pembe lote la Somalia. Karatasi yake ni nzito na imefunikwa plastiki pande zote mbili, na hilo kwetu pwani si pambo, kwa kuwa karatasi tupu hulegea ukutani mara masika yanapoingia na haichukui muda kuota madoa ya ukungu. Imewekewa vipande vya mbao juu na chini pamoja na kamba ya kutundikia. Rangi za miinuko zimepangwa kwa uangalifu, kutoka kijani kilichokolea cha tambarare za pwani hadi kahawia ya nyanda za juu za Ethiopia, na mtu aliyesimama mwisho wa darasa anaweza kuona bila kusaidiwa kwamba nchi yote iliyo mashariki ya Mlima Kenya inateremka polepole kuelekea Bahari ya Hindi.

Mteremko huo ndio unaonileta kwenye jambo lenyewe. Mimi huipima ramani yoyote ya ukanda huu kwa mto mmoja, nao ni Ewaso Ng'iro wa Kaskazini. Miji mikuu na vilele vya milima hakuna mchoraji anayevikosea siku hizi, lakini mto ambao kwa sehemu kubwa ya safari yake hauna maji ila kwa msimu, ambao hubadilisha jina njiani, na ambao mwishowe huvuka mpaka na kuingia nchi nyingine, humlazimisha mchoraji adhihirishe iwapo anaijua ardhi anayoichora au ananakili tu kazi za wenzake. Bonde lake ndilo kubwa kuliko mabonde yote ya mito ya Kenya, likiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 210,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya nchi. Mto wa bonde kama hilo hauwezi kuhesabiwa miongoni mwa mambo madogo ambayo mchoraji anaruhusiwa kuyapuuza kwa kukosa nafasi.

Mwanzo wa mto umechorwa vizuri. Ramani inaonyesha vijito vinavyoshuka kutoka miteremko ya kaskazini na magharibi ya Mlima Kenya, na inaonyesha pia Ewaso Narok unaotoka upande wa Nyandarua na kupita Nyahururu, ambako maji huanguka kwa kimo cha mita 74 hivi. Maporomoko hayo yamewekewa alama yake na yanaonekana. Mikondo hii inakutana katika nyanda za Laikipia, kisha mto unaelekea kaskazini na kupinda mashariki. Hadi hapo mstari mzito wa buluu usiokatika ni halali, kwa sababu vyanzo hivi hupata mvua ya milimani.

Tatizo ni kwamba mstari huo huo, kwa unene huo huo, unaendelea kati ya hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, ukapita Archer's Post, Shaba na maporomoko ya Chanler, ukafika Merti, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni kingi. Kuanzia hapo mto uko katika nchi kame, haupokei kijito cha kudumu chenye uzito, na hutegemea kile ambacho watu wa juu wamekiacha. Maji mengi huvutwa Laikipia na kandokando ya Mlima Kenya kwa ajili ya mashamba ya maua, mboga na nafaka, na katika miaka ya ukame sehemu za chini zimewahi kubaki mchanga mtupu kwa wiki nyingi, ndovu wakichimba mashimo kwa nyayo na mikonga ili wayafikie maji yaliyo chini, na wafugaji wakichimba visima vyao palepale mtoni. Wakati mwingine mto huo huo hugeuka bila taarifa: mnamo Machi 2010 mafuriko ya ghafla yalizisomba kambi za watalii na za watafiti wa ndovu katika hifadhi ya Samburu, baada ya mvua kubwa iliyonyesha juu, mbali na walipokuwa. Mwanafunzi anayeutazama mstari mzito wa buluu hawezi kuyatambua haya mawili, ukavu na gharika, na ilhali ndiyo tabia yenyewe ya mto.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba ufunguo wa ramani una alama za kutosha. Pale chini kushoto kuna mstari mzima kwa mto wa kudumu, mstari uliokatikakatika kwa mto wa msimu, na vijistari vya buluu vyenye majani kwa kinamasi. Alama zote tatu zilihitajika kwenye mto huu mmoja. Mchoraji alitumia ya kwanza mahali pa ya pili, na ya tatu hakuitumia kabisa, kwa kuwa kinamasi cha Lorian amekipaka rangi ya buluu kamili na kukizungushia ukingo mzima kama Ziwa Turkana.

Lorian si ziwa. Ni kinamasi ambamo mto hutawanyika na kupoteza nguvu, nacho hupanuka na kusinyaa kulingana na mvua, hata katika miaka mibaya kisiwe na maji ya kuonekana. Jambo hili si geni wala si la kubishaniwa. Mwaka 1893 msafara wa Mmarekani William Astor Chanler uliufuata mto huu kuteremka, ukitarajia kufika kwenye ziwa kubwa lililosimuliwa sana, ukakuta matete na matope. Haielekei ramani iliyochapwa katika karne hii iturudishie ziwa ambalo lilifutwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ningeweza kulisamehe kosa hili kama ni la rangi tu, lakini rangi ndiyo lugha ya ramani, na mwanafunzi aliyepangiwa kazi kule upande wa Habaswein baada ya masomo atashangaa kuulizwa na wenyeji ni ziwa gani analolitafuta.

Sasa tufike kwenye kasoro iliyonifanya niandike. Baada ya Lorian, mto haufi. Unaendelea kama laga, yaani njia ya maji ya msimu, pana na bapa, linaloitwa Lagh Dera, ambalo hupita kusini-mashariki katika nchi ya Wajir na Garissa, likikaribia Dadaab, hadi Liboi. Hapo linavuka mpaka, linapita upande wa Dhobley na Afmadow nchini Somalia, na hatimaye linaingia katika bonde la chini la Deshek Wamo lililo kando ya Mto Jubba. Katika miaka ya kawaida laga hili ni njia ya mchanga na udongo mweusi ambayo mtu anaweza kuivuka kwa miguu bila kujua kwamba amevuka mto. Katika miaka ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, maji hujaa, barabara hukatika, na mafuriko ya laga yanaweza kukutana na yale ya Jubba, ambao nao humwaga ziada yake katika Deshek Wamo.

Katika ramani hii Lagh Dera imepewa mstari uliokatikakatika kutoka Lorian, jambo ambalo ni sahihi, na jina lake limeandikwa, jambo ambalo ni jema. Lakini mstari huo unakwenda vizuri hadi Liboi, unagusa mstari mwekundu wa mpaka, na unakoma. Upande wa pili hakuna kitu. Kuanzia mpakani hadi Jubba kuna nafasi tupu isiyozidi sentimita kumi ukutani, na ndani yake hakuna laga, hakuna bonde, hakuna jina la Deshek Wamo. Afmadow imewekwa peke yake kama mji usio na sababu ya kuwa pale. Kwa mujibu wa mchoro huu, maji yanayotoka Mlima Kenya hufika kwenye kizuizi cha forodha na kurudishwa.

Mzee mmoja mfanyabiashara wa mifugo, mwenye asili ya Garissa, ambaye mjukuu wake ni mwanafunzi wetu, alipokuja shuleni alisimama mbele ya ramani kwa muda, akaufuata mto kwa kidole hadi pale unapokatika, kisha akaniambia: “Mwalimu, hapa maji hayajaisha. Hapa ni mchoraji ndiye aliyechoka.” Sina la kuongeza kwenye hukumu hiyo isipokuwa maelezo.

Mpaka wenyewe si wa kale kama watu wengi wanavyodhani. Kabla ya mwaka 1925, Jubaland ilikuwa sehemu ya himaya ya Waingereza iliyotawaliwa pamoja na Kenya, na mpaka na eneo la Waitalia ulikuwa Mto Jubba wenyewe, hivyo laga lote kutoka Lorian hadi mwisho wake lilikuwa upande mmoja. Kwa mkataba wa 1924 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na mwaka uliofuata mpaka ukasogezwa magharibi hadi karibu na longitudo ya digrii 41, sehemu kubwa ukiwa mstari ulionyooka usiojali mlima wala mkondo. Wazee wa pwani ambao jamaa zao walikuwa wakienda na kurudi Kismayo kwa majahazi hawahitaji kufundishwa hili. Mto haukusogezwa kwa mkataba, na mchoraji wa ramani hana ruhusa ya kuukata mahali ambapo wanadiplomasia walikata ardhi.

Tena yaliyo juu ya ardhi ni nusu tu ya habari. Chini ya njia hii, kuanzia Merti na kuelekea mashariki kupita Dadaab na Liboi hadi ndani ya Somalia, kuna hazina ya maji iliyomo katika matabaka ya mchanga na udongo wa kale, inayojulikana kama akwifa ya Merti. Visima virefu vinavyoifikia, vingi vikiwa na kina cha zaidi ya mita 100, ndivyo vilivyozinywesha kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera tangu zilipoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1990, pamoja na wenyeji na mifugo yao. Maji yake ni matamu katikati ya ukanda na huwa ya chumvi kadiri mtu anavyokwenda pembeni. Siitaki ramani ya ukutani ionyeshe visima. Nataka tu isimwondolee msomaji ule mstari unaoeleza kwa nini watu wamekaa walipokaa. Anayeufuata mkondo wa Lagh Dera kwa kidole anakuta vituo vya maji, njia za ngamia, masoko ya mifugo na miji ya mpakani vikiwa vimejipanga kandokando yake, na hata ng'ombe na mbuzi wanaofika sokoni Garissa, ambao baadhi yao huishia kwenye mabucha yetu ya Mombasa, wengi wamepitia maji ya njia hiyo. Mkondo ukifutwa, miji hiyo inabaki nukta zilizotapakaa.

Huenda msomaji akadhani kwamba mchoraji ana kanuni ya kuikata mito yote ya msimu mpakani. Hana. Tazama Mto Umba, ambao sisi wa pwani ya kusini tunaujua vizuri: unatoka milima ya Usambara nchini Tanzania, unavuka mpaka upande wa Lunga Lunga na kuingia baharini Vanga, na ramani inauonyesha wote bila kukatika hata mahali pamoja. Tazama pia Daua, unaotoka nyanda za juu za Ethiopia, ukawa mpaka wa Ethiopia na Kenya kupita Rhamu hadi Mandera, kisha ukaungana na Genale karibu na Doolow kuufanya Jubba. Sehemu yake ya chini, ambayo hukauka katika miaka mibaya, imepewa mstari uliokatikakatika kama inavyostahili, na inapita kwenye pembe ya nchi tatu bila kusita.

Mfano ulionifurahisha kuliko yote uko mbali na kwetu, juu kabisa ya ramani. Ni Gash, ambao Waeritrea huuita Mareb. Unaanzia karibu na Asmara, unakuwa mpaka wa Eritrea na Ethiopia kwa sehemu ya safari yake, unaingia Sudan na kupita Kassala, kisha unaishia katika mchanga kaskazini ya mji huo, ukiwa umegawanyika katika delta isiyofika bahari yoyote na ambayo ni kwa nadra maji yake huukaribia Mto Atbara. Una maji kwa miezi michache tu, hasa kati ya Julai na Septemba, yakija kwa kishindo na matope mengi, na wakulima wa Kassala wameyatumia kwa muda mrefu kwa kuyaelekeza mashambani wakati wa gharika. Ramani imeyaeleza haya yote kwa mchoro peke yake: mstari uliokatikakatika kutoka nchi hadi nchi, delta iliyochanuliwa kama vidole, na mwisho unaofifia badala ya kukatwa kwa kisu. Huo ni uchoraji wa mtu anayeelewa maana ya mto wa jangwani, na kama angefanya hivyo kwa Ewaso Ng'iro na Lagh Dera, tathmini hii ingekuwa fupi.

Nadhani sababu ni kwamba sehemu ya Kenya na sehemu ya Somalia zilinakiliwa kutoka ramani mbili tofauti, na hakuna aliyekaa kuzishona. Dalili nyingine inaunga mkono dhana hiyo: rangi ya miinuko nayo inabadilika ghafla mpakani, kijani cha upande wa Liboi kikiwa chepesi kuliko cha Dhobley, ilhali nchi hiyo ni tambarare moja.

Upande wa maandishi, Kiswahili chake ni safi na nawapongeza wahusika. Faharasa ya majina nyuma ya ramani, hata hivyo, imeiunganisha mito miwili kuwa mmoja. Chini ya Ewaso Ng'iro mtu anaelekezwa kwenye mraba mmoja tu, nao ni wa mto wa kusini, ule unaotoka Mau, ukapita Narok na kuingia Ziwa Natron nchini Tanzania. Mto huo nao unavuka mpaka, lakini hauna uhusiano wowote na ule wa Laikipia isipokuwa jina. Wanafunzi wangu watatu walipelekwa Natron na faharasa hiyo kabla sijawazuia.

Je, ramani inafaa kununuliwa? Kwa shule ya msingi, kwa ofisi inayotaka kitu cha kutundika, au kwa nyumba yenye watoto wanaouliza maswali, inafaa, na kwa bei hiyo sijaona nyingine ya Kiswahili inayoikaribia kwa ubora wa karatasi na rangi. Kwa shule ya sekondari inafaa ikiwa mwalimu yuko tayari kusimama kando yake na kusahihisha. Kwa mtu yeyote anayeshughulika na maji, mifugo, usafirishaji au misaada kaskazini mashariki haifai hata kidogo, na mtu huyo atafute karatasi za Survey of Kenya za skeli ya 1:250,000, ambazo hazipendezi ukutani na maandishi yake ni ya Kiingereza, lakini zinatofautisha laga na mto. Ajue tu kwamba ofisi zao kuu ziko Ruaraka, Nairobi, na kuzipata Mombasa si rahisi.

Anayeinunua hii ya Kiswahili achukue pamoja nayo kalamu ya buluu ya wino usiofutika, kwa kuwa plastiki yake inaupokea wino huo vizuri bila kuchafuka. Aupige mto mistari midogo myeupe ya kuukatakata kuanzia chini ya Archer's Post, kwa wino wa kusahihishia. Ajaze Lorian majani ya kinamasi juu ya ile buluu. Kisha, kutoka Liboi, auendeleze mstari uliokatikakatika kuelekea Dhobley, aupitishe karibu na Afmadow, auteremshe kusini-mashariki hadi ukingo wa Jubba, na kabla hajaufikisha mtoni aandike Deshek Wamo kwa herufi ndogo. Katika nakala yetu kazi hiyo ilifanywa na wanafunzi wa kidato cha tatu, na mjukuu wa yule mzee ndiye aliyeshika kalamu.